Shanga Ndani ya Magurudumu: Hotuba ya Katibu juu ya Matairi ya Malori ya Pamba



Katika sherehe hii ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wasemaji walionitangulia wametukumbusha kwa maneno mazuri mahali tulikotoka. Mimi nimepewa kazi isiyo na madoido. Nimeambiwa niseme juu ya matairi ya malori yetu, na hasa juu ya zile shanga ambazo wauzaji wanasema zikitiwa ndani ya tairi, gari huacha kutetemeka. Wanachama wengi wameuliza, “Je, Katibu, tuzinunue?” Swali hilo ni la haki, kwa kuwa fedha ni zenu.

Mkulima wa Kanda ya Ziwa alikwisha kujifunza zamani kwamba kulima pekee hakutoshi. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba vilipoungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyoongozwa na Bwana Paul Bomani, shabaha ilikuwa mkulima asipunjwe katika mizani, na auze zao lake kwa chombo chake mwenyewe. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na leo tunaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Sheria zimebadilika, lakini hesabu ni ile ile: kila shilingi iliwayo njiani haifiki nyumbani kwa mkulima.

Na njiani, baada ya mafuta, mlaji mkubwa ni tairi. Natoa mfano wa hesabu tu. Tuseme tairi moja limenunuliwa kwa shilingi 800,000. Likitembea kilomita 80,000, kila kilomita imetugharimu shilingi 10. Likilika upande na kutupwa baada ya kilomita 50,000, kila kilomita imetugharimu shilingi 16. Lori la matairi kumi litakuwa limepoteza shilingi 60 katika kila kilomita, nenda na rudi, msimu mzima. Hasara hiyo haionekani kama mwizi aonekanavyo, bali huja kidogo kidogo, na mwishowe hukatwa katika bei ya kilo ya pamba.

Sasa tuitazame sababu ya mtetemeko. Hakuna tairi wala ringi iliyo sawa kabisa pande zote. Daima kuna mahali palipo pazito kidogo kuliko pengine. Gurudumu likisimama, uzito huo haudhuru kitu. Likizunguka, uzito huo huvuta kwenda nje, na nguvu ya mvuto huo huongezeka upesi kuliko mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, mvuto huzidi mara nne. Chukueni gramu 300 tu, uzito usiofika theluthi moja ya kilo, zikiwa kwenye ukingo wa tairi kubwa la lori. Katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa huvuta kama mzigo wa kilo 7 hivi. Katika kilomita 80, ambao ndio mwendo wa mwisho ulioruhusiwa kwa malori ya mizigo, huvuta kama mzigo wa kilo 27. Tena mvuto huo hugeuka juu na chini karibu mara 7 katika kila sekunde. Ndipo usukani hutikisika mikononi mwa dereva, beringi huchoka, na kashata za tairi, yaani yale meno yanayoshika njia, hulika mabaka mabaka.

Njia ya siku nyingi ya kuondoa tatizo hili ni kulipima gurudumu kwa mashine, kisha kubana vipande vya chuma au risasi kwenye ringi, upande ulio mwepesi. Ni njia njema, na mafundi wanaijua. Lakini vipande hivyo vinaweza kung’oka gari likigonga mawe, na hata vikibaki mahali pake, husawazisha tairi lilivyokuwa siku ile ya kupimwa tu. Tairi likiendelea kulika, hesabu hubadilika.

Shanga zilibuniwa kwa ajili hiyo. Si shanga za kuvaa shingoni. Ni chembe ndogo za duara, za kioo, za kauri au za chuma, zinazotiwa ndani ya tairi bila kufungwa mahali popote. Kwa tairi kubwa la lori lenye ringi ya inchi 22.5, kipimo cha kawaida ni kati ya gramu 280 na 340. Gari likishika mwendo, chembe hizo hutanda ndani ya tairi. Gurudumu likizunguka upesi vya kutosha, upande mzito husogea ndani kuelekea kitovu cha mzunguko, na upande mwepesi husogea nje. Shanga, kwa kuwa ziko huru, hukimbilia nje zaidi, yaani penye wepesi, nazo hupajaza. Kanuni kama hiyo hutumika katika baadhi ya mashine za kufulia nguo, ambazo zina pete yenye maji au gololi ndani yake ili pipa lisirukeruke.

Lakini yashikeni maneno haya: “upesi vya kutosha”. Mhimili uliokaa juu ya springi una mwendo wake wa asili wa kurukaruka. Gurudumu likizunguka polepole kuliko huo, upande mzito ndio unaokwenda nje, na shanga haziwezi kusaidia. Tena njia yenye mashimo huzitawanya kila mara. Hapo ndipo penye ubishi, kwa maana springi za lori ni ngumu, na mwendo unaohitajika haufanani katika kila gari. Kwa hiyo katika njia za changarawe za vijiji vya Bunda na Butiama, tusizitazamie shanga kutenda jambo kubwa. Zikifaa, zitafaa katika barabara kuu ya lami itokayo Mwanza kupita Bunda kwenda Musoma na Sirari.

Yako pia mambo ambayo shanga haziwezi kamwe. Haziwezi kunyosha ringi iliyopinda. Haziwezi kufufua shokapu iliyokufa, kukaza beringi iliyolegea, wala kurudisha magurudumu ya mbele yaliyokaa upande. Tairi lisilo na upepo wa kutosha litachemka na kupasuka hata likijazwa shanga za dhahabu. Zaidi ya hayo, shanga huchukia unyevu: upepo wa kompresa yenye maji huzigandisha zikawa donge, na donge ni uzito mpya. Valvu nayo lazima iwe na kichujio, ama sivyo chembe zitaiziba, na tairi litavuja.

Liko na jambo jingine lisilohitaji fedha. Udongo mweusi wa mbuga hushika ndani ya ringi wakati wa mvua, kisha hukauka kama saruji. Nusu kilo ya udongo upande mmoja ni zaidi ya zile gramu 300 nilizozitaja. Basi kabla dereva hajalalamika kwamba gari linatetemeka, utingo na achukue ndoo ya maji na kijiti, asafishe ringi, hasa upande wa ndani.

Kwa hayo yote, Bwana Mwenyekiti, shauri langu kwa Bodi na kwa Mkutano Mkuu ni hili. Kwanza, tutengeneze vilivyoharibika, tupime upepo kila asubuhi matairi yakiwa ya baridi, na tusafishe ringi. Pili, tusinunue shanga kwa malori yote. Tutie katika matairi mawili ya mbele ya lori moja tu, lile liendalo zaidi katika lami. Lori jingine la namna hiyo hiyo, lenye matairi mapya ya namna moja na hayo, lisawazishwe kwa vipande vya chuma. Tatu, kila mwezi karani apime kina cha kashata za malori yote mawili, aandike katika daftari pamoja na kilomita zilizotembewa, na daftari hilo lisomwe mbele ya wanachama msimu ukiisha. Shanga zikishinda, tutanunua kwa ujuzi. Zikishindwa, tutakuwa tumepoteza bei ya majaribio tu.

Yako mashauri yatakayosema kwamba hii ni kazi kubwa kwa jambo dogo. Najibu kwamba lori letu hubeba pamba ya jirani zetu wengi, na tairi la mbele likipasuka katika mwendo, si pamba tu inayopotea. Dereva na utingo ni watoto wetu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hiyo, ndugu zangu, haujengeki.