Upweke Ndani ya Ndoa: Tusiufiche, Tuuzungumze

(Mazungumzo yaliyotolewa kanisani katika mkutano wa vikundi vya maendeleo vya akina mama, wazee na vijana)



Tumezoea kukutana hapa tukizungumza juu ya mbuzi wa maziwa, mbegu, chemchemi na mikopo ya kikundi. Leo tuna jambo ambalo haliandikwi katika kitabu cha mahudhurio, lakini linaketi nasi katika kila mkutano. Ni upweke wa mama aliyeolewa. Ni ile hali ya mama ambaye nyumba yake inabomoka polepole, na huku nje kuna mtu mwingine ameanza kumsalimia vizuri.

Tunajua wengine mtasema, "Hilo ni la nyumbani, si la kikundi." Haya, tujiulize. Mama akiacha kuja mkutanoni, mkopo usipolipwa, watoto wakitolewa shuleni, shamba likiuzwa kisirisiri, hilo nalo si la kikundi? Nyumba ikivunjika, maendeleo yake yanavunjika nayo. Kwa hivyo tusiogope.

UPWEKE HUU ULITOKA WAPI?

Mume wa mjini na mke wa shambani si jambo la jana. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba, na kodi ilitakiwa kwa pesa. Wanaume wakaenda kuzitafuta pesa hizo: relini, bandarini Mombasa, Nairobi, na katika mashamba ya walowezi. Kufikia miaka ya 1920 mwanamume alitembea na kipande shingoni. Mshahara wake ulikuwa kama wa mtu asiye na familia, na mahali alipopewa pa kulala palitosha kitanda tu. Mke alibaki kulima, kulea, kutunza wazee na kungoja. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini mtindo ule ulibaki. Nyanya zetu walingoja, mama zetu wakangoja, na sisi pia tunangoja.

Zamani kulikuwa na barua. Ilitumwa kwa mkono wa mtu anayekuja nyumbani, na pengine ilichelewa, lakini ilikuwa na habari za kazi, salamu za kila mtoto kwa jina lake, na maagizo juu ya ng'ombe. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa inafika kwa dakika moja. Ni jambo zuri sana. Lakini ziko nyumba ambazo sasa pesa ndiyo barua yote. Simu inalia, umepokea shilingi 2,000, basi. Mwezi mwingine hailii kabisa. Wazee wetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hata mume wa mbali asiyezungumza hawezi kulinda nyumba yake.

MFANO WA MAMA MMOJA

Tutamwita Mama Rehema. Si jina lake, na mambo mengine tumeyabadilisha ili asijulikane. Alifunga ndoa kanisani miaka 14 iliyopita. Ana watoto watatu. Mumewe alikuwa mlinzi Mombasa. Miaka ya kwanza alikuja Pasaka, akaja Agosti, akaja Krismasi. Baadaye ikawa Krismasi peke yake. Kisha miaka miwili hakuonekana, na pesa zikawa zinakuja mara moja moja bila hata neno la "hamjambo".

Wakati huo kikundi chake kilikuwa kinajenga chemchemi. Fundi aliletwa, na akina mama walipokezana kumpikia. Alikuwa mtu mpole, aliyefiwa na mkewe. Simiti ikakauka, mabomba yakawekwa, kazi ikaisha, lakini fundi aliendelea kupita kwa Mama Rehema. Alimtengenezea mlango wa jiko. Aliuliza mtoto anaendeleaje shuleni. Mwishowe akasema wazi: anataka kumwoa, na watoto atawachukua.

Mama huyu alipotujia alilia kwanza. Kisha akasema, "Mimi sikutafuta mwanamume. Nilitafuta tu mtu wa kuniuliza nimeshindaje." Na akatuuliza, "Niambieni basi, nikae nife polepole, ama niende nitukanwe?"

Hatukumwambia kaa, wala hatukumwambia nenda. Maisha ni yake. Lakini tulimwambia mambo matatu, na leo tunawaambia ninyi pia.

1. Upweke si dhambi. Katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 7, Mtume Paulo anawaonya mume na mke wasinyimane, isipokuwa kwa mapatano na kwa muda. Tumezoea kusoma maneno hayo tukiwaza kitanda peke yake. Lakini hata neno zuri mtu anaweza kunyimwa. Mume anayenyamaza miaka miwili, hata kama hana mwanamke mwingine, hajatimiza ahadi yake. Kwa hivyo mama asijione mchafu kwa sababu moyo wake una njaa. Swali ni je, njaa hiyo ataishibishaje?

2. Usimpime mume wa miaka 14 kwa mgeni wa miezi sita. Mgeni umemwona akiwa amepumzika, ana maneno matamu, na hakuna anayemdai karo. Hujamwona akiwa mgonjwa au bila kazi. Hatusemi fundi ni mtu mbaya. Pengine ni mwema kweli. Lakini mtu mwema haingii kwa mlango wa nyuma. Kama anakupenda, ataweza kungoja mpaka upate jibu.

3. Maliza moja kwanza. Anayeshika nyumba mbili kwa siri huumia yeye, na watoto wake huumia zaidi. Kabla ya kuchagua kati ya wanaume wawili, jua kwanza kama ndoa yako ingali hai au imekufa. Na hilo huwezi kulijua bila kuuliza.

Mama Rehema alifanya hivyo. Alimwambia fundi asije tena nyumbani mpaka atakapopata jibu. Fundi aliumia, lakini akakubali. Kisha akampigia mumewe simu. Alisema, "Leo sitaki pesa. Nataka kujua kama bado nina mume." Upande ule ukawa kimya, simu ikakatwa.

Siku tatu baadaye mume akapiga, usiku. Kumbe alikuwa amefutwa kazi. Miaka hiyo miwili alikuwa akibeba mizigo sokoni na kulala kwa rafiki. Aliona aibu. Alidhani mke anachongoja ni pesa tu, basi alipokosa pesa akakosa na maneno. Akaja nyumbani na begi moja. Wakaketi na mzee wa kanisa na mkewe, si mara moja, bali mara nne.

Tusiwadanganye. Mapenzi hayakurudi siku hiyo. Mama Rehema mwenyewe anasema ziko siku anamkumbuka yule fundi, hasa akienda kuteka maji. Mume sasa analima sukumawiki na nyanya, anauza sokoni, na jioni wanajaribu kuzungumza. Bado hawajui watafika wapi. Lakini mama anasema, "Angalau sasa najua ninaishi na nani."

IKIWA JIBU NI LINGINE

Si kila mama atapata jibu kama hilo. Mwingine atauliza, aambiwe kuna mke na watoto huko mjini. Mwingine atauliza, ajibiwe kwa kofi. Kwa hivyo ni lazima tujue sheria inasema nini.

Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa, na ndoa ikivunjika.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ya Kikristo ni ya mume mmoja na mke mmoja. Haivunjwi na chifu, wala na kikao cha ukoo. Inavunjwa na mahakama. Sababu zinazokubaliwa ni pamoja na uzinzi, ukatili, mmoja kumwacha mwenzake kwa miaka mitatu au zaidi, na ndoa kuharibika kiasi cha kutotengenezeka. Sheria hiyo pia inawapa Wakristo nafasi ya kutafuta mapatano katika kanisa walikofungia ndoa. Basi mama akienda kuishi na mwanamume mwingine kabla ya mahakama kuamua, bado ni mke wa yule wa kwanza, na ndoa ya pili haitakuwa ndoa kisheria.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kwamba mchango si pesa tu. Kazi ya nyumbani, kulea watoto, kulima shamba na hata kukaa pamoja kama wenzi huhesabiwa. Nyumba ya ndoa ya mke mmoja haiwezi kuuzwa bila idhini ya wote wawili, na ndoa ikiwa bado ipo, mmoja hawezi kumfukuza mwenzake humo bila amri ya mahakama. Lakini sikilizeni vizuri. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema haki sawa haina maana kwamba mali itagawanywa nusu kwa nusu kila mara. Kila mmoja ataonyesha alichochangia. Kwa hivyo, akina mama, tunzeni risiti za mabati na simiti. Kitabu chako cha kikundi, kinachoonyesha ulikopa lini na ulinunua nini, ni ushahidi. Usikiache mahali panya watakila.

Sheria ya Watoto ya 2022 inawapa baba na mama wajibu wa kuwatunza watoto, hata wakitengana. Mzazi akikataa, nenda kwa afisa wa watoto.

Na ukipigwa, usiambiwe uvumilie ati kwa sababu uliapa kanisani. Hakuna aliyeapa kupigwa. Sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani inaruhusu mahakama kutoa amri ya kukulinda. Nenda hospitali kwanza, upate karatasi ya daktari, kisha polisi. Nambari 1195 hupigwa bure kwa mambo haya.

NENO JUU YA AFYA

Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alitambuliwa Kenya mwaka 1984, na mwaka 1999 ugonjwa huo ukatangazwa kuwa janga la kitaifa. Wengi wa tuliowazika miaka ile walikuwa akina mama waliokaa nyumbani wakingoja. Leo kuna dawa, na mtu anaweza kuishi maisha marefu. Lakini lazima ajue hali yake. Mume akirudi baada ya muda mrefu, nendeni wote wawili mpimwe kabla ya kurudiana. Si matusi. Ni kulindana. Na hata huyo mpenzi mpya, aliye mpole namna gani, naye apimwe.

KAZI YA KIKUNDI

Mficha uchi hazai. Lakini nani atafunua shida yake mahali ambapo kesho itakuwa wimbo mtoni? Tunaomba kila kikundi kifanye haya:

- Mchague akina mama wawili wazima, wanaojua kufunga mdomo, ambao mwanachama anaweza kuwaendea wakati wowote.
- Jambo la nyumba ya mtu lisiletwe mkutanoni bila ruhusa yake.
- Mwanachama asinyang'anywe cheo wala zamu yake ya mchango kwa sababu ya uvumi.
- Mama akikosa mikutano miwili, atembelewe. Msianze na mkopo. Anzeni na "umeshindaje?"

Na ninyi wazee, msijifiche nyuma ya magazeti. Mwenye kijana aliye mjini amwambie: piga simu hata kama huna pesa. Njoo nyumbani hata kama huna mkate wa kubeba. Mke anaweza kuvumilia umaskini akiujua. Kimya ndicho kinachomshinda.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, mama mwenye shida ya ndoa humwendea nani? Kwa nini?
2. Kama ungekuwa jirani ya Mama Rehema na ukamwona fundi akipita, ungefanya nini kabla ya kumwambia mtu mwingine?
3. Mume aliyefutwa kazi anahitaji nini ili aweze kusema ukweli nyumbani?
4. Je, vitabu vya kikundi chetu vimeandikwa vizuri kiasi cha kumsaidia mwanachama mahakamani?

Tumalize kwa ombi moja. Mkirudi nyumbani leo, kila mtu aliye na mwenzake mbali ampigie simu. Asiulize pesa. Aulize hali tu, na asikilize mpaka mwisho. Na aliye na mwenzake hapo hapo nyumbani naye aulize, maana wako wanaolala kitanda kimoja na bado kila mmoja yuko peke yake.