Insha Haisubiri Alama: Kujifunza na Kupimwa katika Darasa la Kiingereza

Mhadhara wa uzinduzi wa uprofesa katika elimu ya lugha



Mhadhara wa uzinduzi ni mahali pa profesa kusema waziwazi anaamini nini katika fani yake, ili wenzake wapate pa kumshika. Mimi nina dai moja. Insha ya mtoto wa miaka 13 inaweza kusomwa ili serikali ijue hali ya shule zake, na inaweza kusomwa ili mtoto huyo aandike vizuri zaidi wiki ijayo. Kazi zote mbili ni halali. Lakini mshika mawili moja humponyoka, na kila mara usomaji mmoja ulipotwikwa kazi hizo mbili, kilichoponyoka ni mtoto.

Ushahidi wangu mwingi unatoka Marekani, hasa katika somo la Kiingereza la shule za kati, yaani darasa la sita hadi la nane. Sikulichagua kwa sababu Wamarekani wamefaulu kutuzidi. Nimelichagua kwa sababu wamejaribu karibu kila njia ya kupima uandishi wa kijana, na wamechapisha matokeo hata pale yalipowaaibisha. Mwishoni nitarudi Kenya, ambako tangu Januari 2023 tuna Gredi ya 7 na maswali yaleyale.

Karatasi moja, alama nyingi

Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichukua karatasi mbili za Kiingereza za wanafunzi wa sekondari, wakatoa nakala na kuzipeleka kwa walimu wa shule mbalimbali wazisahihishe kwa alama 100. Walipokea majibu ya walimu 142. Karatasi ya kwanza ilipewa alama kuanzia 64 hadi 98. Ya pili ilipewa kuanzia 50 hadi 97. Mwandishi wa karatasi ya pili alikuwa bingwa kwa mwalimu mmoja na wa kurudia darasa kwa mwingine, bila kubadilisha hata nukta.

Wengine walijitetea kwamba walimu wale hawakuandaliwa. Mwaka 1961 Paul Diederich na wenzake wawili wa ETS, shirika la mitihani lililoko Princeton, walilitazama jambo hilo kwa undani zaidi. Waliwapa wasomaji 53 insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Miongoni mwa wasomaji hao walikuwamo walimu wa Kiingereza, wanasayansi, wahariri, wanasheria na wafanyabiashara, na kila mmoja alitakiwa azigawe insha katika madaraja tisa. Insha 101 zilipata madaraja yote tisa, kuanzia la juu kabisa hadi la chini kabisa. Hakuna insha iliyopata madaraja yaliyo pungufu ya matano.

Watu wengi hutaja takwimu hizo kisha wakaishia hapo, kana kwamba zinathibitisha kuwa kusahihisha insha ni bahati nasibu. Diederich hakuishia hapo. Alichambua alama pamoja na maoni yaliyoandikwa kwenye insha, akagundua kwamba wasomaji walikuwa wamejigawa katika makundi matano. Wapo waliotafuta mawazo. Wapo waliokereka kwa makosa ya sarufi na tahajia. Wengine walifuata mpangilio, wengine uteuzi wa maneno, na wengine sauti ya mwandishi mwenyewe. Wasomaji wa kundi moja walikaribiana zaidi katika hukumu zao. Wasomaji walitofautiana kwa sababu uandishi ni mambo mengi kwa wakati mmoja, na kila mmoja wao aliona jambo la kweli.

Hapa ndipo njia zilipogawanyika. Anayetaka kulinganisha shule na shule atayaona makundi hayo matano kuwa hitilafu, naye atatafuta mbinu ya kuyafanya yawe moja. Mwalimu wa darasa atayaona kuwa hazina: ni mambo matano ya kumwambia mtoto, na mtoto anaweza kuambiwa moja leo na jingine wiki ijayo.

Bei ya kukubaliana

Serikali zilifuata njia ya kwanza. Kwa sheria iliyotiwa saini na Rais George W. Bush Januari 2002, kila mwanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane alipaswa kufanya mtihani wa kusoma na wa hisabati kila mwaka, na wanafunzi wote walitarajiwa kufikia kiwango kinachotakiwa ifikapo 2014. Mwaka huo ulipita bila lengo kutimia. Sheria iliyochukua nafasi yake Desemba 2015 ililegeza adhabu kwa shule, lakini mtihani wa kila mwaka ukabaki.

Ili mamilioni ya karatasi yasahihishwe kwa makubaliano, kinachosomwa lazima kipunguzwe. Katika mtihani wa Smarter Balanced, ulioanza kutumika rasmi mwaka 2015, mwanafunzi husoma matini kadhaa kisha akaandika insha. Msahihishaji humpa hadi alama nne kwa mpangilio na lengo, hadi nne kwa ushahidi na ufafanuzi, na hadi mbili kwa kanuni za lugha. Huo si mtihani mbaya, na ni afadhali mno kuliko maswali ya kuchagua jibu peke yake. Lakini itazameni orodha ya Diederich: sauti ya mwandishi imetoka. Haikutoka kwa sababu haina thamani. Ilitoka kwa sababu wageni wawili hawawezi kukubaliana juu yake ndani ya dakika chache.

Ukishapunguza hivyo, hatua inayofuata ni kumwondoa msomaji kabisa. Mwaka 2024 jimbo la Texas lilitumia kompyuta kutoa alama kwa sehemu kubwa ya majibu ya kuandika katika mitihani yake. Miaka kumi kabla ya hapo, Les Perelman wa MIT alikuwa tayari ameonyesha udhaifu wa njia hiyo: yeye na wanafunzi kadhaa walitengeneza programu inayozalisha insha zisizo na maana yoyote, zilizojaa maneno mazito, na mashine za kusahihisha zikazipa alama za juu.

Je, serikali isijue basi watoto wake wanasoma vipi? Ina haki ya kujua, na Marekani kwenyewe kuna njia bora zaidi. Upimaji wa kitaifa uitwao NAEP huchukua sampuli tu ya wanafunzi. Hautoi alama kwa mtoto, wala hauipangi shule katika orodha, kwa hiyo hakuna mwalimu anayepoteza muhula mzima akiufanyia mazoezi. Mwaka 2024 upimaji huo ndio uliowaambia Wamarekani habari chungu: wastani wa darasa la nane katika kusoma ulikuwa 258 kwa kipimo cha 500, kutoka 263 mwaka 2019, na theluthi moja ya wanafunzi hawakufikia hata kiwango cha chini kabisa. Swali la taifa lilipata jibu bila kumbebesha kila mtoto mzigo wa kulijibu.

Funzo la Vermont

Jimbo dogo la Vermont lilijaribu kuunganisha kazi hizo mbili kwa nia njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 liliamua kwamba wanafunzi wa darasa la nne na la nane watapimwa kwa potfolio: mkusanyiko wa kazi walizoandika mwaka mzima, zikasomwa na kupewa viwango na walimu. Walimu walibadilika. Walifundisha kuandika zaidi na kurekebisha rasimu zaidi.

Daniel Koretz na wenzake wa taasisi ya RAND walipochunguza alama zenyewe, waligundua kuwa wasomaji wa potfolio ileile walikubaliana kidogo mno. Alama hizo hazikuweza kutegemewa kulinganisha shule. Baadhi ya wakosoaji walisema potfolio imefeli. Mimi nasoma matokeo hayo kwa namna nyingine. Kama mafunzo, ilifaulu. Kama mizani ya jimbo, ilifeli. Kosa lilikuwa kuitaka iwe vyote viwili.

Kusoma rasimu ikiwa bado mbichi

Darasani sasa. Mwaka 1987 Nancie Atwell, mwalimu wa Kiingereza wa darasa la nane katika mji wa pwani wa Boothbay Harbor, Maine, alichapisha kitabu *In the Middle*. Mwaka 2015 alikuwa wa kwanza kupewa Tuzo ya Mwalimu wa Dunia, tuzo ileile iliyomwendea Peter Tabichi wa Kenya mwaka 2019. Katika darasa la Atwell, kipindi kilianza kwa somo fupi. Kisha kila mwanafunzi aliendelea na kazi aliyoichagua mwenyewe, na mwalimu alizunguka, akikaa dakika mbili tatu kwa huyu, kisha kwa yule. Muhula ulipoisha, mwalimu na mwanafunzi waliketi pamoja kutazama malengo machache waliyokubaliana na kuweka mengine.

Nguvu ya njia hiyo iko katika wakati. Maoni yanafika kabla kazi haijafungwa. Tuchukue mfano wa kubuni: msichana wa darasa la saba anaandika kwamba simu ziruhusiwe shuleni. Kwa viwango vya Common Core, vilivyotolewa mwaka 2010 na kupokewa na majimbo zaidi ya 40, wa darasa la sita hutoa hoja na sababu zake. Wa darasa la saba hukiri kwamba zipo hoja kinyume. Wa darasa la nane huonyesha kinachotofautisha hoja yake na hizo. Msichana wetu ametoa sababu tatu nzuri, wala hajamtaja mpinzani. Mwalimu akimwandikia 14/20 na maneno “ongeza bidii”, hatajua aongeze bidii wapi. Akimwambia, “Mzazi anayepinga atasema simu huleta michezo darasani. Utamjibuje? Andika aya hiyo sasa,” amemfundisha hoja, na kumpima kwa pumzi hiyohiyo.

Na alama pamoja na maoni? Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Israeli wa umri wa karibu miaka 11 na 12. Waliopewa maoni tu waliendelea vizuri na hamu yao ikabaki. Waliopewa alama pamoja na maoni walifanana zaidi na waliopewa alama peke yake. Mtoto akishaona namba, anatafuta namba ya jirani, na maneno ya mwalimu yanapita hivihivi. Muongo wa 1990 ulipokuwa unaisha, Paul Black na Dylan Wiliam wa King’s College London walikusanya tafiti nyingi juu ya upimaji wa darasani, nao wakahitimisha kuwa maoni yanayomwonyesha mwanafunzi hatua inayofuata huinua kiwango cha kujifunza, hasa kwa walio nyuma.

Mtaniambia Atwell alikuwa na madarasa madogo kuliko yetu. Ni kweli. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 50, akisoma kila insha kwa dakika 10, anahitaji saa 25 kwa zoezi moja tu. Hesabu hiyo ndiyo sababu yangu ya kusema asisahihishe kila kitu. Asome jambo moja kwa kila rasimu, alizungumzie darasani, na kila wiki achukue kundi moja tu la kulisoma kwa kina.

Na sisi?

Hapa Kenya mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Karatasi yake ya Kiingereza ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu na insha ya dakika 40. Watoto walikariri miisho ya insha, na walimu walijua wamekariri. Mtaala wa umilisi ulikuja kuondoa hayo, ukaleta viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio.

Mwaka 2025 Gredi ya 9 walifanya KJSEA ya kwanza, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini. Katika kuwapanga wanafunzi kwenda sekondari ya juu, mtihani huo una asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 ina 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zina 20. Asilimia hizo 20 za mwisho zinanifurahisha na kunitia hofu. Zinanifurahisha kwa kuwa taifa limekubali kwamba mwalimu wa darasa anajua jambo. Zinanitia hofu kwa kuwa mwalimu anayejua kiwango anachokiandika kitaamua shule ya mtoto hana tena uhuru wa kumwambia, “Bado, rudia.” Atajikuta anamtetea mtoto mbele ya mfumo badala ya kumfundisha.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, sehemu kubwa ya maandishi ya mwaka katika Gredi ya 7 na ya 8 isiingizwe katika rekodi yoyote. Ipate maoni tu, na sera itamke hivyo ili mkaguzi asimwone mwalimu kuwa mvivu. Pili, zile tathmini chache zinazohesabiwa zisomwe kwa pamoja. Watahini wa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, huketi na kukubaliana juu ya karatasi za mfano kabla ya kuanza kusahihisha. Walimu wa shule jirani wapewe siku moja kila muhula wafanye vivyo hivyo kwa insha kumi za wanafunzi wao. Tatu, taifa likitaka kujua watoto wanasoma na kuandika vipi, litumie sampuli, bila majina ya watoto na bila orodha ya shule bora.

Jambo la mwisho linawahusu wenzangu wa kitivo hiki. Tunawafundisha walimu watarajiwa kutunga majaribio, kutengeneza majedwali ya viwango na kukokotoa wastani. Hatuwapimi kama wanaweza kusoma rasimu ya mtoto na kumwambia sentensi mbili zitakazoibadilisha. Nitaleta hoja katika mkutano wa idara kwamba mwalimu mwanafunzi asimalize mazoezi ya kufundisha kabla ya kuonyesha rasimu mbili za mtoto mmoja: ya kabla ya maoni yake, na ya baada yake. Ikiwa hazitofautiani, arudi darasani ajaribu tena. Hiyo ni tathmini ninayoiamini, na niko tayari kutathminiwa kwayo mimi mwenyewe.