Jicho Lililochubuka Likakawia Kupona



Hapa Olenguruone hapana asiyejua jinsi jani la mhindi lipigavyo jicho wakati wa kuvuna, au kibanzi kirukavyo mtu apasuapo kuni. Twasema, "Litapona lenyewe," na mara nyingi hupona. Utando wa juu wa konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, kwa kawaida hujifunika kwa siku 1 hadi 3. Mimi nataka kusema juu ya jicho lisilopona.

Jani huweza kuacha kuvu ndani ya kidonda, nacho kikazidi polepole. Kope zilizopinda ndani kwa sababu ya trakoma hukikwaruza kila mtu apesapo. Kisukari nacho hukawiza. Lakini lililo baya kuliko yote ni mishipa ya fahamu ya konea kuharibika, kwa mfano baada ya mkanda wa jeshi usoni. Hapo jicho haliumi. Mgonjwa hufurahi kwamba amepoa, kumbe kidonda kingali kikichimba.

Daktari hutia tone la rangi, akamulika kwa taa ya buluu, na penye kidonda hung'aa kijani. Dawa hufuata sababu. Ya kuvu ni natamaisini, iliyoingizwa mwaka 2017 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Jicho lisilo na hisia hulainishwa mara kwa mara, na pengine kope hushonwa kwa muda ili lifunikwe.

Siwadharau wazee wetu kwa dawa za majani, ila kidonda cha jicho hakizivumilii. Wala matone ya jirani hayafai: yenye steroidi huipa kuvu nguvu, na ya ganzi, yakitumiwa nyumbani, huzuia kupona.

Kovu jeupe likibaki, hilo si mtoto wa jicho. Huenda likahitaji konea ya marehemu aliyeridhia kutoa. Kazi hiyo ilifaulu mara ya kwanza mwaka 1905, Eduard Zirm alipomtibu kibarua aliyeunguzwa na chokaa, mjini Olomouc.

Basi aliyeumia jicho aende hospitali ya hapa siku ile ile, asingoje doa jeupe. Akiandikiwa kwenda Nakuru, nauli isimzuie. Naomba chama kitenge akiba ndogo kwa ajili hiyo, na mweka hazina aiandike katika hesabu za mwaka ujao.