Ujumbe wa Hatari na Jina la Mgonjwa

Chukueni karatasi na kalamu. Anayesoma kwa shida amwombe jirani yake amfuatishie kwa kidole.

Leo tunazungumza juu ya ujumbe mfupi wa simu, ule unaotumwa kuwaita wafanyakazi wa zahanati au hospitali jambo la hatari linapotokea. Utasema, "Mimi si mganga, jambo hili lanihusu nini?" Lakuhusu sana. Pengine wewe ni mlinzi wa zahanati, au mfagiaji, au mhudumu wa afya wa kijiji, nawe hupokea ujumbe kama huo. Na kama huna kazi huko, siku moja jina lililomo katika ujumbe laweza kuwa lako.

Tukumbuke yaliyotupata mkoani Kagera. Mwezi wa Machi 2023, katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, watu waliugua homa kali na kutapika, wakafa. Tarehe 21 Machi Serikali ilitangaza kuwa ni ugonjwa wa Marburg. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wameugua, na 6 kati yao walikufa. Mmoja wa waliokufa alikuwa mfanyakazi wa afya. Mwezi wa Januari 2025 ugonjwa huo ulitangazwa tena, safari hii wilayani Biharamulo.

Marburg huambukiza kwa kugusa damu, matapishi au jasho la mgonjwa. Basi muuguzi anayempokea mgonjwa bila kujua, tena bila glavu, yuko hatarini kuliko sisi sote. Ugonjwa ukishukiwa mahali pamoja, zahanati ya jirani yapasa ipate habari saa ileile, si kesho. Hapo ujumbe wa simu una nguvu yake. Ujumbe wa kawaida hauhitaji intaneti, na simu ikiwa imezimwa, ujumbe huingoja.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 2009 na 2010, katika wilaya za Kigoma Vijijini, Lindi Vijijini na Ulanga, vituo 129 vya afya viliulizwa kila juma, kwa ujumbe wa simu, hesabu ya dawa zao za malaria. Mwanzoni, katika kila vituo 100, vituo 78 vilikuwa vimeishiwa dawa moja au zaidi. Baada ya majuma 21 vilikuwa 26. Lakini angalieni neno hili: ujumbe ule ulibeba hesabu ya dawa tu. Haukubeba jina la mtu.

Jina likiingia, shida huanza. Tuseme muuguzi, kwa haraka, anaandika jina la mgonjwa, kijiji chake na ugonjwa unaodhaniwa. Anautuma kwa watu 20. Mmoja wao simu yake hutumiwa na nyumba nzima. Mtoto anausoma kwa sauti. Jioni habari iko gulioni. Duka la ndugu wa mgonjwa halipati mnunuzi. Na yule mdogo wake, ambaye naye ana homa, anaona aibu, anajificha kwa shangazi badala ya kwenda zahanati. Basi ujumbe uliotumwa ili kuzuia ugonjwa umeusaidia kutembea.

Ujumbe wa kawaida ni kama barua isiyo na bahasha: unaweza kusomwa katika mitambo unamopita. Kuna programu nyingine, kama Signal na WhatsApp, ambazo hugeuza maneno kuwa fumbo ndani ya simu ya mwenye kutuma, na fumbo hilo hufumbuliwa ndani ya simu ya mwenye kupokea tu. Hiyo ni bahasha iliyofungwa vizuri. Lakini bahasha nzuri haifai kitu ikifunguliwa na kuachwa mezani. Simu isiyo na namba ya siri ni hivyo hivyo. Na kundi la kazini ambamo bado yumo mtu aliyehama miaka miwili iliyopita, je, hilo ni la siri? Mimi naona kosa hili la mwisho ndilo lililoenea zaidi, maana kumtoa mwenzako huonekana kama kumtukana. Si tusi. Anayeacha kazi hurudisha funguo.

Tena sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huhesabu habari za afya ya mtu kuwa habari za kulindwa zaidi.

Sasa someni ujumbe huu polepole:

"DHARURA. Mgonjwa mwenye homa na kutoka damu yuko chumba cha pekee. Asiguswe bila glavu na vazi la kinga. Wa zamu pigeni simu ofisini sasa. Jibu NIMEPATA."

Hesabuni herufi, alama na nafasi. Hazifiki 160, nacho ndicho kipimo cha ujumbe mmoja wa kawaida. Kila anayehitaji kujilinda amejua la kufanya. Jina limebaki katika daftari la zahanati. Neno NIMEPATA linamwonyesha mwenye kutuma nani hajajibu, ili ampigie.

Ukipokea ujumbe wa namna hii kutoka namba usiyoijua, usiupeleke mbele. Piga ofisini kwa namba unayoijua, au 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo.

Kazi ya nyumbani: Ni usiku. Mama amejifungua na anatoka damu nyingi. Andika ujumbe wa kumwita mkunga, usiozidi herufi 160. Kisha mpe mwenzako wa kijiji chako asome. Akiweza kukisia ni mama yupi, uandike tena.