Saa ya Kompyuta Yako

Msikilizaji wetu wa Masanze, kompyuta iliyotumika kutoka Uingereza inaweza kukufikia ikiwa bado na saa za London. Huwa nyuma yetu kwa saa 3. Jumapili ya mwisho ya Machi saa hiyo hujisogeza mbele yenyewe, pengo likabaki saa 2 hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ukirekebisha saa peke yake itakuharibikia tena! Fungua mipangilio ya tarehe na saa, chagua UTC+03:00, Nairobi. Saa zetu na Kenya ni moja, hazibadiliki mwaka mzima. Saa 2 asubuhi utaona 08:00. Na tarehe ikirudi miaka ya nyuma kila ukiizima kompyuta, badilisha ile betri ndogo ya duara iliyomo ndani; tarehe ikikosewa, tovuti nyingi hukataa kufunguka.