MASHINE HUTUNZWA KWANZA NA AIENDESHAYE
Maneno kwa wenye mashine za kusagia na waendeshaji wao, Mwanda, Taita



Katika mahali kama Mwanda, juu ya milima ya Taita, mashine ya kusagia unga si mali ya mwenyewe peke yake. Ikisimama, mama aliyekuja na debe lake la mahindi hana budi kulibeba tena, kushuka na kupanda njia za mlimani mpaka penye mashine nyingine, na watoto nyumbani wangojee chakula. Fundi huenda akaitwa kutoka Voi, na kifaa kilichovunjika kikatafutwa hata Mombasa. Basi yafaa kuuliza: ni nani apasaye kuiangalia mashine hiyo kila siku?

Wengi hujibu kwamba ni fundi. Mwendeshaji, wasema, kazi yake ni kuwasha, kumimina mahindi na kuzima. Lakini fundi huiona mashine ikiwa imekwisha kuugua, na mwendeshaji yu pamoja nayo tangu asubuhi hata jioni. Yeye ndiye asikiaye sauti inapobadilika, anusaye mkanda unapoungua, aonaye moshi ukigeuka mweusi. Kumkataza asiiguse, kisha kumlaumu inapovunjika, si haki wala si busara.

Jambo hili lilifikiriwa sana huko Japani. Kampuni ya Nippondenso, iliyotengeneza vifaa vya umeme vya motokaa, ilikuwa imefuata desturi iliyotoka Marekani ya kutunza mashine kabla hazijaharibika, na kazi hiyo yote ilikuwa ya mafundi. Mashine zijiendeshazo zilipozidi, mafundi hawakutosha. Ikaamuliwa kwamba kila mwendeshaji asafishe, atie mafuta na kukagua mashine yake mwenyewe, na mafundi wabaki na kazi zilizo ngumu. Mwaka 1971 kampuni hiyo ilipewa tuzo kwa utaratibu huo, ambao umeenea katika viwanda vingi vya dunia.

Mashine ya kusagia yaweza kutunzwa vivyo hivyo. Ikiwa ni ya dizeli, mwendeshaji apime mafuta ya injini na maji ya rejeta kabla ya kuiwasha. Asafishe chujio la hewa, kwa maana vumbi la unga huliziba, injini ikakosa pumzi na kula dizeli bure. Iwe ya dizeli au ya umeme, autazame mkanda: uliolegea huteleza na kuungua, uliokazwa mno huharibu beringi. Akaze nati, atie grisi kwa kiasi, na kutazama kama nyundo zimelika au chekeche limetoboka. Mahindi nayo yachambuliwe, maana msumari mmoja watosha kulipasua chekeche.

Kufuta vumbi si urembo. Mkono upitao juu ya chuma kwa tambara ndio ugunduao ufa, nati iliyolegea, na tone la mafuta lisilo mahali pake.

Hata hivyo kazi hii ina mpaka wake. Kufungua injini au kugusa nyaya za umeme ni kazi ya fundi. Tena mashine isisafishwe wala kutiwa grisi ikiwa inazunguka, na kizuizi cha mkanda kisiondolewe kamwe wakati huo. Mkono uliokatika hauna spea.

Mwenye mashine naye ana wajibu. Amwonyeshe mwendeshaji kazi hizi kwa msaada wa fundi, ampe spana, grisi na daftari la kuandikia aliyoyaona, na kumwachia nafasi kila siku kabla wateja hawajaanza kuhudumiwa. Anayeona kwamba muda huo ni hasara, na ahesabu siku tatu za kumngojea fundi. Na mwendeshaji akisema, "Sauti hii si ya jana," asikizwe, hata kama foleni ni ndefu.

Wazee walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.