Picha za Baba Zetu Ziko Amsterdam



Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora juu ya magunia ya unga. Nani walimnunulia kwanza? Ni watu wa migodi, kwa mshahara wao mdogo. Mwaka wa 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yetu, picha 101, akazieleza kwa Kiswahili. Moja yaonyesha wenzetu wa Union Minière waliogoma Desemba 1941, wakapigwa risasi. Mgeni alizinunua, leo zimehifadhiwa Amsterdam, Uholanzi. Wakubwa wa makumbusho wanamsifu sana. Vema, ijapo wamechelewa. Lakini mtoto wa mchimbaji akitaka kuona kifo cha babu yake, aombe viza? Tunadai picha hizo ziletwe, zionyeshwe kwetu.